Kiapo kwa Sauti ya Upole

Kwa Mama, kuapa kulikuwa na masharti. Haikutosha kusema wallahi. Ilibidi niseme nikiwa nimemtazama, mikono yangu ikiwa wazi mbele yake, na sauti yangu iwe ya upole. Nikisema kwa haraka, kiapo hakihesabiki. Nikisema huku nageuka kwenda zangu, naitwa nirudi, naanza upya.

"Sema wallahi kanga yako haikugusa mlango."

"Wallahi haikugusa."

"Umesema na hasira. Sema vizuri."

Basi nasema vizuri. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na moja, fundi wa kushona ambaye mwisho wa Ramadhani nusu ya Garsen hunigombania, nasimama kizingitini nikilainisha koo ili mama yangu akubali kwamba kanga haikugusa mlango. Baada ya mlango inakuja sufuria. Baada ya sufuria, ndoo. Nimelitaja jina la Mungu kwa ajili ya vifuniko vya masufuria mara nyingi kuliko nilivyolitaja kumwombea marehemu baba yangu.

Naandika haya nikiwa na hasira. Niliwahi kuisubiri ipoe kwanza, nikasubiri miaka, haikupoa.

Nilizaliwa Idsowe, karibu na mto kiasi kwamba asubuhi tulikuta nyayo za viboko katikati ya mahindi yetu. Baba alilima pia mpunga na migomba. Watoto tulikuwa wawili, kaka yangu na mimi. Mama alisifiwa kijiji kizima kwa usafi. Wanawake walisema ukila kwake huumwi tumbo. Walisema ni mtu wa ibada, kwa sababu waliomwona akitawadha walimwona akikaa pale kwa muda mrefu, ameinama, hasemi na mtu.

Mtu mwingine hutawadha kwa birika moja. Mama alimaliza ndoo. Alianza na viganja, akapanda mpaka viwikoni, akasita, akarudi tena viganjani kwa sababu hakuwa na hakika kama maji yalifika katikati ya vidole. Akisemeshwa, anaanza upya. Kuku akipita karibu, anaanza upya. Baba alikuwa akitoka msikitini akamkuta bado hajaanza swala ambayo yeye ameshaimaliza. Alimpita kimya akaenda kukaa nje. Sikumbuki hata siku moja aliyomwambia basi.

Hayo ndiyo watu waliyoyaona. Hawakuona kuni zikioshwa kabla ya kuingia jikoni, kisha sisi tukikohoa kwa moshi kwa sababu kuni mbichi haziwaki. Hawakuona pakiti ya sukari ikisuguliwa mpaka karatasi inachanika na sukari inageuka uji. Kamba ya mbuzi ilichemshwa. Mkeka aliokalia mgeni ulifuliwa mgeni akiwa bado hajafika barabarani.

Maji yote hayo yalitoka mtoni, na kutoka mtoni yalikuja kichwani mwangu. Kaka aliamka akaenda shule. Mimi niliamka nikaenda mtoni, mara mbili, baadaye mara nne, baadaye sikumbuki. Nilifika darasani somo la kwanza limekwisha, baadaye la pili. Hakuna aliyeniambia niache shule. Kila siku nilichelewa kidogo zaidi, mpaka siku moja kuchelewa kukawa ni kutokwenda. Nilikuwa darasa la sita.

Pale tulipochota maji, wanaume walikuwa wamezungushia miti ndani ya maji kuzuia mamba. Miti ikioza, mamba hupita. Msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alishikwa mguu pale, akaponea kwa sababu wanawake waliokuwa wakifua walimvuta na kumpiga yule mnyama kwa mabeseni. Kesho yake Mama alinituma maji kama kawaida. Alisema pale penye uzio pamemwagika damu, maji yake ni najisi, kwa hiyo nipande juu kidogo ya mto.

Juu kidogo ya mto hakukuwa na uzio.

Nilikwenda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikwenda wiki nzima, nikichota huku nimepiga magoti juu ya mzizi wa mti, macho kwenye maji. Nimeshona nguo za watu miaka ishirini, nimezaa, nimezika baba, na sijapata kuogopa tena namna ile.

Niliolewa na mkulima wa Bura, kwenye skimu ya maji, nikaenda kuishi huko ambako maji huja yenyewe kwa mfereji mpaka shambani. Miaka ile niliona nimepona, ingawa sikuwa nimeumwa. Kisha Baba akafariki. Baada ya matanga, kaka yangu, ambaye alikuwa ameshafungua duka la vifaa vya ujenzi Malindi, alinipigia simu akasema Mama hawezi kukaa peke yake, na kwamba yeye na mke wake wana nafasi ndogo. Akasema mimi ndiye ninayemwelewa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Hata hilo linaniudhi, wepesi wangu wa kukubali.

Nikarudi Idsowe na binti yangu, wakati ule ana miaka mitano. Mume wangu alibaki na shamba. Alikuja kila baada ya wiki kadhaa kwa pikipiki yake, na Mama hakumruhusu kupita uwanjani mpaka avue viatu, aoshwe miguu, na aape kwamba njiani hakukanyaga mzoga wala choo cha mtu. Mara ya tano au ya sita alikataa kuapa. Si kwa ukali. Alisema tu yeye si mshitakiwa. Akakaa juu ya pikipiki yake kule nje ya ua, nikampelekea chai huko, tukazungumza kama watu waliokutana njia panda. Mama alinisubiri mlangoni niape kwamba sikugusa pikipiki.

Halafu mto ukafurika. Watu wa delta tumezoea maji kuingia shambani, lakini safari hii yaliingia nyumbani, yakapanda mpaka magotini, ya rangi ya udongo, yakibeba mabua, kuku waliokufa na vyote vilivyotoka kwenye vyoo vya kijiji. Mashua ya uokozi ilifika mchana. Haikuweza kukaribia mlango kwa sababu ya nguzo za ua, kwa hiyo tulitakiwa kutembea hatua kama ishirini ndani ya maji. Nilimbeba binti yangu nikampandisha, nikarudi kumchukua Mama.

Alikuwa juu ya kitanda, miguu ameikunja. Aliyatazama maji yale kama mtu anayetazama moto. Nilimwambia ashuke, akatikisa kichwa. Nilimwambia nimbebe mgongoni, akasema nguo yangu imeshalowa maji yale yale. Mwenye mashua alipiga kelele kwamba kuna watu wengine juu ya mapaa wanamngoja. Binti yangu analia.

"Mama, ukibaki utakufa," nilimwambia.

"Nioshe miguu kwanza," akasema.

Palikuwa na mtungi mmoja wa maji safi niliokuwa nimeuweka juu ya meza, maji ya kunywa ya mtoto. Niliosha miguu ya Mama kwa maji hayo. Nikaosha mara tatu, akasema bado, nikaosha tena. Mashua ilingoja, na watu tisa ndani yake, na mtoto wangu. Mtungi ulipokwisha, wanaume wawili waliingia wakamfunga shuka mpaka kwapani, wakamwinua juu kama maiti, wakamtoa. Hakupiga kelele. Alinyanyua mikono yake miwili hewani isiguse kitu, na hivyo ndivyo alivyokaa mpaka tulipofika nchi kavu, mikono juu.

Watu husikia hadithi hii wakamhurumia. Nami namhurumia. Lakini niulizeni ninachokumbuka zaidi: nakumbuka kwamba niliosha.

Tuliwekwa kwenye mahema, kwenye uwanja ulioinuka karibu na Garsen. Lori lilileta maji asubuhi, kila hema mitungi miwili. Mama alimaliza yote miwili kabla ya adhuhuri. Siku ya tatu alichukua mtungi wa hema la jirani, mwanamke wa Kiorma ambaye mifugo yake ilikuwa imesombwa, na mtoto wake wa mwisho alikuwa mgonjwa. Mwanamke yule alinijia mimi, hakumwendea Mama. Alikuwa mrefu, mtulivu, na alizungumza Kiswahili cha kujifunzia sokoni.

"Mtoto yangu naharisha," aliniambia. "Mama yako nawa miguu na maji yake."

Nilijibu nini? Nilijibu kwamba mama yangu ni mtu wa ibada, hawezi kuswali na uchafu.

"Hata mimi naswali," akasema, akaondoka.

Ningeweza kumwomba radhi, kumpa mtungi wangu wa kesho, kumwambia ukweli kwamba mama yangu ana jambo ambalo hatulijui jina. Badala yake nilimtetea. Ndivyo nilivyofundishwa, kuificha aibu ya nyumbani kwa kuivalisha kanzu. Mtoto yule alipona, alhamdulillahi, lakini mama yake hakunisemesha tena, na alikuwa na haki.

Maji yalipopungua hatukurudi Idsowe. Nyumba ilikuwa imelala chini. Nilipanga vyumba viwili Garsen, nikapata kibaraza cha kushonea karibu na soko. Cherehani haikuruhusiwa kuingia nyumbani, kwa sababu nguo za wateja zimetoka miilini mwa watu wasiojulikana. Nilifanya kazi kutwa nzima, jioni nikavua nguo za kazi uani nyuma ya shuka niliyoitundika, nikaoga, nikaapa, nikaingia. Binti yangu akitoka shule alibaki na nyanya yake mpaka nirudi. Nilijiambia angalau mtoto yuko salama kwa nyanya yake.

Alipofika miaka tisa, mwalimu wake aliniita. Nilidhani ni habari ya masomo. Mwalimu alimwambia mtoto anyooshe mikono. Ngozi ilikuwa imepasuka katikati ya vidole na juu ya viganja, mahali pengine pakitoka damu. Mwalimu alidhani ni upele na alitaka nimweke nyumbani asiwaambukize wenzake. Mimi nilijua ni nini. Mikono ya mama yangu ndiyo hiyo hiyo.

Nilitembea naye mpaka kwenye kibaraza changu, nikamketisha juu ya kiti cha wateja, nikamuuliza.

"Nyanya akihesabu, mimi pia nahesabu," alisema. "Mpaka saba. Nikikosea naanza tena."

"Kwa nini?"

"Nikikosea, kitu kibaya kitakupata wewe."

Nadhani uso wangu ulijibu, kwa sababu alinitazama kwa hofu, akanyoosha mkono wake uliopasuka, akanishika kidevu.

"Mama, sema wallahi hujakasirika."

Nililainisha sauti. Nilifungua viganja vyangu mbele yake. "Wallahi sijakasirika," nilisema, kiapo cha uongo mtupu, nikamwacha pale kwa muuza vitumbua wa jirani, nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa uani, ameinama kwenye pipa. Tulikuwa tumelijaza asubuhi ile kwa maji ya mkokoteni wa punda, kwa sababu bomba la plotini lilikuwa halitoi kitu tangu Jumatatu. Nilishika ukingo wa pipa kwa mikono miwili, nikalisukuma kwa goti. Lilikuwa zito, halikuanguka mara ya kwanza. Nikasukuma tena. Lilipoanguka, maji yalijaa ua wote, majirani wakatoka kwenye milango yao.

"Mimi ulininyima shule," nilimwambia. "Mtoto wangu humpati."

Mama alipandisha pindo la kanga yake, akapanda juu ya kidato cha mlango ili maji yasimfike miguuni. Alilitazama pipa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu aliye mahali pengine kabisa, kama mdomo wa pipa umegusa ardhi.

Niliinua mkono. Nataka liandikwe, kwa sababu katika ukoo wetu limeshasimuliwa vibaya: niliinua mkono juu ya mama yangu mzazi. Jirani mmoja, mwanamke mzee wa Kigiriama aliyekuwa akipepeta mchele, aliudaka mkono huo hewani kabla ya kushuka, akanivuta mpaka kwake, akanikalisha. Hakunisema. Alinishika tu mpaka majirani wakarudi milangoni mwao. Sijui ningefanya nini kama asingekuwepo. Najua ningefanya nini.

Kabla ya magharibi kaka yangu alikuwa ameshapata habari Malindi. Alinipigia akaniuliza kama nimerukwa na akili. Akasema Mama ni mtu mzima, ana usafi wake, mimi ndiye mwenye matatizo, labda ndoa ya mbali imenitia uchungu. Akasema atakuja kumchukua, akae na watu wanaomheshimu.

Nilimwambia aje.

Alikuja kwa gari lake, akamkuta Mama tayari, amekaa juu ya mkeka uliofuliwa. Hakuniaga. Mama akakaa Malindi siku kumi na tisa. Siku hizo binti yangu aliniuliza mara mbili tu kama anaweza kugusa kitasa cha mlango. Nililala, nikaamka, nikashona. Niliiingiza cherehani ndani nikaisimamisha katikati ya chumba. Nilicheka peke yangu.

Siku ya kumi na tisa gari lilisimama nje. Kaka alishuka kwanza. Alikuwa amekonda usoni, na nilipomtazama mikono nikaona ngozi ya viganja imekauka na kutoka magamba. Alimshusha Mama na mfuko wake, akamwingiza, akatoka kusimama nami kwenye kivuli cha ukuta. Alisema mke wake amekwenda kwao. Alisema walikuwa wakioshwa uani kila wanapoingia, yeye, mke na watoto, na kwamba kila usiku aliapishwa kuhusu bawabu, kuhusu paka, kuhusu mabati ya dukani.

"Sikujua," akasema.

"Ulijua," nilimwambia. "Ulikuwa unanipita njiani. Wewe unakwenda shule, mimi natoka mtoni."

Nilikuwa nimengoja miaka ishirini na tisa nimwambie, nikadhani nikimwambia kitu kitashuka kifuani. Hakikushuka. Lakini siku ile ndiye aliyesema tumpeleke hospitali, na ndiye aliyetupeleka.

Kabla ya hapo tulipita kwa maalim, kwa sababu Mama alisema hatakwenda kwa daktari kwa jambo la dini. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba kiungo kikioshwa mara tatu kimetosha, na kinachomtaka aoshe mara ya nne ni wasiwasi, wala haumtakii heri. Akamwambia aende kwa daktari, na kwamba kutafuta dawa hakuna dhambi. Mama alilia. Nilimwangalia akilia, nikawaza: neno moja tu. Neno moja la mtu mwenye kilemba, na hakuna aliyelitamka miaka yote ile, si baba, si shangazi, si wale waliokula kwake wakasifu.

Hospitalini tulikutana na muuguzi wa magonjwa ya akili, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya kuchoka. Alimuuliza Mama kama anaamini kweli kwamba mikono yake ni michafu. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma. Sikuwahi kumuuliza swali hilo maishani mwangu.

"Najua ni safi," Mama alisema. "Najua kabisa. Ila kuna kitu hapa," akajigusa kifuani, "hakitaki kujua. Kinaniuliza hata nikiwa naosha. Namwuliza huyu binti yangu kwa sababu nimechoka kuulizwa peke yangu."

Muuguzi alituambia huo ni ugonjwa, una jina na una dawa, na kwamba hauji kwa kukosa imani wala kwa kuzidisha imani. Kisha akanigeukia mimi. Akasema kila kiapo ninachoapa kinamtuliza kwa dakika chache na kuulisha ugonjwa kwa siku nzima. Akasema niache kuapa, si mara moja, ila kwa mpango, na Mama mwenyewe akubali.

Nilitoka pale na hasira zaidi kuliko nilivyoingia. Alichosema kilikuwa kweli, na kiliniondolea mtu wa kumlaumu, tena kikanipa sehemu yangu ya lawama. Wallahi zangu zote za upole, zile nilizozimezea hasira ili zitoke laini, ndizo zilizokuwa chakula. Muuguzi aliponiona uso, alisema watu wa nyumbani wengi hukasirika, ni kawaida. Nilimwambia asiniambie ni kawaida.

Tulianza na mlango. Mama alikunywa vidonge vyake asubuhi na tukapatana: akiniuliza habari ya mlango, nitamjibu mara moja bila kuapa, na akiuliza tena nitanyamaza. Siku ya kwanza aliuliza mara moja, nikajibu. Akauliza tena, nikanyamaza. Alisimama mbele yangu akitetemeka midomo, jasho likimtoka, kwa saa nzima na zaidi. Mimi nilikuwa nakata nguo ya sare ya shule. Ningeweza kumwondolea mateso yale kwa neno moja. Nilikata kitambaa kombo nikakiharibu. Alipokaa chini mwishowe, nilijua kwamba amefanya jambo gumu kuliko lolote nililowahi kufanya mimi, na bado nilikuwa na hasira naye.

Binti yangu alipona haraka. Kwa watoto ugonjwa huu huwahi kutoka, muuguzi alisema, ukiwahi kuonekana. Mama alikwenda polepole. Baada ya mlango tulifanya sufuria, baada ya sufuria viatu. Mwezi wa saba wa vidonge akaruhusu cherehani, niliyokuwa nimeirudisha kibarazani, iingie, ikakaa upande wa chumba changu. Kuna wiki alitawadha kwa birika mbili, na kuna wiki alirudi kwenye ndoo. Siku moja alinikuta natia uzi kwenye sindano akasema, bila kuulizwa, kwamba anakumbuka habari ya kunipeleka juu ya mto. Nilingoja aombe radhi. Alisema tu anaikumbuka, na kwamba hata siku ile alijua huko hakuna uzio. Akaenda zake.

Sijui nifanye nini na maneno hayo. Wapo wanaoniambia hiyo ndiyo radhi yake. Labda. Mimi nimeisikia kwa masikio yangu na sikuisikia radhi.

Mwaka ulipokaribia kutimia, nilimpigia kaka nikamwambia aje akae Garsen wiki mbili, mimi na binti yangu tunaenda Bura kwa mume wangu. Alianza kusema habari ya duka. Nikamwambia gari langu linaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi, akiwepo asiwepo. Alikuwepo. Nilimwandikia kwenye karatasi mambo ya kufanya: vidonge saa ngapi, ajibu mara moja, asiape hata Mama akilia. Nilimsomesha karatasi ile mara mbili, akasema ameelewa, yeye si mtoto.

Bura mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Mume wangu alitufungulia mlango, hakutuuliza kitu, akaenda kuzibua mfereji. Siku ya pili mchana, nikiwa napalilia pamoja naye, kaka alipiga simu. Alisema Mama alikuwa na siku mbaya, alisimama mlangoni tangu asubuhi, machozi yanamtoka, hali chakula.

"Ukafanya nini?" nilimuuliza.

"Ni mama yangu," akasema. "Sikuweza kumwangalia. Nikaapa."

"Mara ngapi?"

Alisema hakuhesabu.

Niliketi juu ya tuta. Kazi ya miezi kumi na mmoja, yote, kwa mchana mmoja, kwa sababu moyo wake ni laini. Moyo laini wa mtu anayekuja mara moja kwa mwaka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Alipomaliza kuyasikia aliniuliza kama narudi kesho.

Mume wangu alikuwa ameegemea jembe lake, ananitazama. Binti yangu alikuwa ng'ambo ya mfereji na watoto wa jirani. Nilimwambia kaka achukue karatasi aisome upya, aanze na mlango. Nikakata simu, nikamaliza mstari wangu wa mahindi, na wiki mbili zangu nikazikaa zote.